Kichwa Lumbesa: Mwongozo kwa Mtahiniwa Asiyejihadhari

Watalii wanaopanda Usambara wana vitabu vyao. Vinawaeleza namna ya kuzivumilia kona za barabara ya Mombo hadi Lushoto bila kutapika, mahali pa kusimama Irente ili nyika yote ionekane chini, na njia ya kupita msitu wa Magamba bila kupotea. Lakini hakuna kitabu kinachomweleza mtoto wa Lukozi namna ya kuingia kwenye mtihani wa kidato cha nne akatokea upande wa pili na akili zake. Nchi hiyo huzuriwa na vijana kwa malaki kila mwaka, nayo haina ramani.

Mimi nimeizuru mara mbili. Safari ya kwanza, mwaka 2016, nilirudi na ziro ya pointi 34. Asiyejua mambo atadhani ziro ni ziro. La hasha. Kuna ziro ya 34 na ziro ya 35, na sisi wa 34 tuliwatazama wa 35 kwa huruma, kama mwenye kandambili anavyomtazama aliye pekupeku. Safari ya pili nitaieleza mwishoni, kwa wale watakaokuwa bado wanasoma.

Basi, mgosi, mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyepotea katika kila njia inayopoteza. Fuata ushauri wote uliomo humu, usiruke hata mmoja, nawe utafika kule kule nilikofika mimi mara ya kwanza.

Msimu mzuri wa kuja

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, katikati ya vuli. Kwa Lukozi maana yake ni kwamba asubuhi ukungu umelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma, mchana mvua, na jioni tope la kumvua mtu kiatu. Ni mwezi pia ambao karoti hazina subira. Shamba linataka mikono minane, nyumbani ipo minne, na miwili kati ya hiyo ni ya mtahiniwa.

Mgeni mwenye busara hajiandai mapema. Januari mtihani uko mbali mno. Mtu akionekana anasoma Januari, wenzake humuuliza kama kwao kuna amani. Machi hadi Mei ni masika, na hakuna awezaye kusoma chini ya bati linalopigwa na mvua ya Usambara. Juni na Julai ni baridi, na baridi ya Lukozi haisimuliki: peni hugoma kuandika mpaka uipulizie pumzi kama mgonjwa. Kisha inakuja moko, mtihani wa majaribio. Moko itakuambia waziwazi kwamba hujui kitu. Usiiweke moyoni. Moko ni moko tu.

Septemba ndipo utengeneze ratiba. Ichorwe kwa rula, kwa peni za rangi tatu. Yangu ilianza saa 10 alfajiri na kuishia saa 5 usiku, ikiwa na dakika 15 za kuoga na kula kwa pamoja. Ilinichukua siku mbili. Ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na niliibandika ukutani juu ya kitanda, ambako nilipata nafasi ya kuitazama kwa muda mrefu nikiwa nimelala.

Lugha ya wenyeji

Lugha ya nchi hii ni Kiingereza. Jambo hilo humshtua mgeni, maana amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, na nyumbani huitwa kula na kugombezwa kwa Kisambaa. Akivuka tu mpaka wa kidato cha kwanza anaambiwa kwamba kila kitu alichokuwa anakijua kina jina jingine, na kwamba lile la zamani halina alama.

Ushauri wetu: usihangaike kuelewa. Chukua sentensi ya kitabuni nzima nzima kama ilivyo, na koma zake, uimeze. Ukiulizwa, itapike. Ukisahau neno moja katikati, simama hapo hapo. Huna pa kwenda.

Nitatoa mfano. Katika Jiografia kulikuwa na hoja saba za namna ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nilizikariri kwa Kiingereza kwa wiki nzima. Jumamosi moja nilitoka na daftari langu nikaenda kukaa shambani kwa bibi, kwenye ukingo wa ngazi, mahali penye jua kidogo. Nikaanza kwa sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikakataa. Nikarudi mwanzo, nikaja kwa kasi kama mtu anayetaka kuruka mfereji. Ya tano ikakataa tena.

Bibi alikuwa ngazi ya chini yangu anapalilia maharage. Akanyanyua kichwa.

"Unasoma nini hicho, mjukuu wangu, kinakuumiza hivyo?"

"Jinsi ya kuzuia udongo usiende na maji, bibi."

Akanitazama. Akatazama chini yangu. "Na hapo umekalia nini?"

Nilikuwa nimekalia majani ya gwatemala, ambayo yeye mwenyewe aliyapanda kwenye kingo za ngazi ili yashike udongo. Nilidhani ananitania, nikacheka kwa adabu, nikafungua daftari kutafuta hoja ya tano.

Hapa ndipo mgeni anapotakiwa kuelewa ukubwa wa ujinga wangu. Bibi yangu ni mtoto wa zama za matuta. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, jirani zetu hapo. Watu waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko, na asiyepiga aliadhibiwa. Wasambaa waliugomea. Haikuwa kwamba hawaujui udongo. Kazi ilikuwa nzito, wenye kuibeba zaidi walikuwa wanawake, na amri ilitoka kwa watu wasiolima. Kabla ya uhuru mpango ulikuwa umekufa. Miaka ya 1980 wakaja wataalamu wengine kwa njia ya upole, na majani na miche ya miti, na safari hii watu wengi wakapanda. Historia yote hiyo ilikuwa kichwani mwa bibi na chini ya makalio yangu, nami nilikuwa naitafuta kwenye daftari.

Mizigo: kiasi gani kinaruhusiwa?

Kwa asiyelijua soko la Lukozi, hapa ndipo kabichi, viazi, karoti na hoho za milimani hupandia magari kwenda kwa walaji, Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Nyanya husafiri kwenye tenga, vingine kwenye gunia. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, mkulima hudhani limejaa. Kwa mnunuzi ndiyo kwanza kazi inaanza. Huongezewa kilemba juu, kikazungushiwa kamba zilizosukwa kama wavu wa goli, mpaka gunia likawa na kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na mara kwa mara kiongozi fulani husimama na kuikemea lumbesa hadharani. Lumbesa humsikiliza mpaka mwisho, kisha hupanda gari.

Kichwa cha mtahiniwa kifungashwe hivyo hivyo. Acha masomo yote yakusubiri mpaka wiki ya mwisho, kisha jaza. Kikijaa, ongeza kilemba: miaka ya vita vyote vya Historia, fomula zote za Fizikia, mifupa yote ya Baiolojia. Zungushia kamba. Usiku wa kuamkia pepa, ongeza tena.

Njia ya kuaminika ya kujaza ni kusoma daftari lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Mimi la Jiografia nililisoma mara sita. Ilipofika mara ya sita nililijua kama njia ya kwenda kuchota maji: nikigeuza ukurasa najua unaofuata una mchoro wa volkano, chini yake kuna doa la chai, pembeni jina la timu. Nikajisemea, hili nimelimaliza. Na kweli nilikuwa nimelimaliza daftari. Lililoandikwa ndani ndilo lililobaki halijaguswa. Kulitambua jambo ukilikuta limekaa mbele yako ni kitu kimoja. Kuliita likaja wakati halipo ni kitu kingine. Wasimamizi wana tabia mbaya ya kukuomba hicho cha pili.

Mpakizi yeyote wa Lukozi atakueleza mwisho wa lumbesa. Gari likianza kuteremka zile kona za Soni kwenda Mombo, gunia halipasukii chini. Hupasukia kwenye kilemba, na kinachomwagika kwanza ni kile kilichoongezwa mwisho.

Wenyeji utakaokutana nao

Mwenye tetesi. Huyu ana binamu mjini, na binamu ana rafiki ambaye pepa limeshamfikia. Ana maswali matano "ya uhakika", yaliyoandikwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nane. Ataapa. Ukimwambia hivyo haviwezekani atakukumbusha 2008, mwaka ambao pepa la Hisabati la kidato cha nne lilivuja kweli. Atasahau kukukumbusha kwamba lilifutwa, watahiniwa wakarudia, na waliokuwa wamekariri majibu wakabaki na majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa. Mpe senti zako zote.

Kiongozi wa diskasheni. Kundi la watu tisa linalokutana saa 2 usiku kujadili Kemia. Mmoja anaeleza ubaoni, wanane wanatikisa vichwa. Ukitikisa kichwa kwa bidii utasikia joto la kuelewa likikupanda mwilini. Joto hilo huisha ukifika mlangoni. Anayeondoka na Kemia ni yule mmoja aliyekuwa akieleza, ndiyo maana kila mwaka anafaulu yeye, na kila mwaka tunasema ana akili za kuzaliwa.

Mwenye madesa. Ana nakala za notisi za shule tatu za mjini, zimefungwa kwa uzi. Hajazisoma, anazimiliki. Nilimwonea wivu sana mpaka nami nikawa nazo. Kuwa nazo kulinipa amani kubwa, nikalala mapema.

Mpiga chabo. Hukaa nyuma yako kwa upande wa kulia. Msikitikie, kwa kuwa amechagua kuchungulia kwako.

Malazi na chakula

Kesha. Kulala ni kwa wasiokuwa na malengo. Mbinu ya kienyeji ya kufukuza usingizi ni kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi huku unasoma. Waliobuni mbinu hii walikuwa watu wa joto, wa Tanga mjini au Dar. Niliijaribu Lukozi, usiku, mwezi wa saba. Usingizi uliondoka kweli. Miguu nayo ikaondoka. Kwa saa nzima nilisoma ukurasa mmoja, na ninachokumbuka kutoka humo mpaka leo ni beseni: la bluu, na ufa pembeni.

Siku ya pepa kunywa chai kavu na kiazi kimoja, kwa sababu roho haitaki kula. Kisha tembea kwenye ukungu na wenzako huku mkiulizana maswali ambayo hakuna anayeyajua, ili kila mmoja afike akiwa ametetemeka kisawasawa.

Fedha za nchi hii

Benki kuu ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kabla ya hapo, hadi 1971, Tanzania ilikuwa ikitumia baraza moja na Kenya na Uganda, na nyuma zaidi majibu ya wazee wetu yalikuwa yakisafirishwa kwa meli hadi Cambridge, yasahihishwe na watu ambao hawajawahi kuona gwatemala.

Sarafu yenyewe ni ya kinyume: tajiri ndiye mwenye chache. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Mwenye 7 hadi 17 ana daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Kuanzia 34 tunakaa sisi wenyeji.

Mgeni ajue kwamba thamani hupanda na kushuka. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kidato cha kwanza matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa, Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata ziro. Waziri mkuu akaunda tume, chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei serikali ikayafuta matokeo, madaraja yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, maana ule mpya ulikuwa umechangia anguko lile. Baadaye madaraja yakawekwa kando, ikaja GPA, yaani wastani wa pointi. Mwaka 2016, mwaka wangu, madaraja yakarudi. Mambo kama hayo hutoa kisingizio cha daraja la kwanza, nami nilikitumia nyumbani kwa muda mrefu. Kilikuwa na kasoro moja tu: mwaka wangu hakuna aliyebadili chochote baada ya mimi kukaa kwenye dawati. Ziro yangu niliipanda na kuipalilia mwenyewe.

Wapo watakaokwambia fedha hii haina maana. Wana shahidi mkubwa: Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliopangwa, wala haipimi tabia ya mtu au utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Alisema kweli. Lakini ukimnukuu Mwalimu, hakikisha umeshapata angalau daraja la nne. Maneno hayo kinywani mwa mtu wa ziro hayana uzito yanaostahili, nimejaribu.

Tahadhari ndani ya chumba

Msimamizi ataonyesha bahasha, mtaona haijafunguliwa, ataifungua mbele yenu. Sauti ya karatasi ile ikichanika ni ndogo, lakini iliwahi kunikausha mate. Kuanzia hapo:

Usisome maelekezo. Yameandikwa kwa ajili ya wengine.

Anza na swali gumu kuliko yote, ili kuonyesha ujasiri. Pambana nalo saa nzima. Hisabati, pepa namba 041, ina sehemu A yenye maswali 10 ya alama 6 kila moja. Atakayepata matano tu kati ya hayo ameshafika alama 30, na 30 ni D. Hesabu hiyo nilifanyiwa miezi mingi baadaye na karani nitakayemtaja hapo chini, nikiwa na gunia begani, na nusura nilidondoshe. Kwenye chumba cha mtihani nilitumia dakika 70 kwenye swali moja la mwisho la sehemu B, nikapata jibu ambalo lilikuwa na herufi nyingi kuliko namba.

Ukiona hujui kitu, pamba karatasi. Matokeo ya 2012 yalipotangazwa, tulisikia redioni kwamba wapo watahiniwa waliochora picha na kuandika mashairi ya Bongo Fleva badala ya majibu. Kijijini watu walicheka sana. Mimi sikucheka, na nilipokaa mbele ya 041 nikaelewa kwa nini. Mtu akiwa na saa tatu na hana la kusema, mkono huanza kujisemea wenyewe. Mimi nilichora gunia.

Safari ya kurudi

Hapa mwongozo unaishia kwa wale waliofuata ushauri wote. Wengine wangependa kujua mtu hurudije.

Hurudi kwa mlango wa pembeni. Namba ya mtahiniwa wa shule huanza na S. Anayerudi peke yake, mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake huanza na P. Katikati ya S yangu na P yangu ilipita miaka miwili ya kupakia magari sokoni.

Hapo sokoni alikuwepo dada mmoja, karani wa mzigo, mwenye daftari la kuandikia kila gunia lililopanda: la nani, bidhaa gani, bei gani, gari lipi. Jioni tajiri alimpigia simu kutoka Dar, naye akamsomea hesabu yote ya siku. Nasema akamsomea, lakini daftari lilikuwa limefungwa, liko kwapani. "Viazi 42, karoti 18, kabichi 30, mbili za kabichi zimekataliwa." Kila siku, bila kukosea.

Nikamchunguza. Kila gari likishafungwa turubai, kabla ya kwenda kunywa chai, alifunga daftari, akatazama pembeni, midomo ikicheza. Kisha alifungua, akapitisha kidole, akaguna mahali fulani, akafunga tena. Siku moja nikamuuliza.

"Dada, kwa nini usimsomee tu tajiri kutoka humo humo?"

"Daftari likinyeshewa, nitamwambia nini?"

"Basi soma mara nyingi mpaka likae."

Akanitazama kama bibi alivyonitazama siku ile ya gwatemala. "Nikisoma tu, mdogo wangu, nitajuaje kama najua?"

Nililala na swali hilo. Mara sita za daftari la Jiografia zikanijia, volkano na doa la chai, na nikaona kwamba katika miaka minne ya sekondari, ukiacha siku ile ya gwatemala, sikuwahi kufunga daftari na kujidai majibu. Nilikuwa naingiza tu. Gunia langu halikuwahi kushushwa likahesabiwa mpaka Novemba, mbele ya msimamizi.

Baadaye nilijua kwamba wasomi walishalipima jambo hili. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba kinachokaririwa hutoroka kwa wingi mwanzoni kabisa, ndani ya saa na siku za kwanza, na kwamba kukirudia kwa kukipa nafasi hukikalisha. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Waliosoma tena na tena waliwashinda wenzao walipoulizwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki mambo yakageuka: waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka ndio waliobaki na mzigo. Wote hao hawakufika Lukozi. Wangefika wangemkuta dada na daftari kwapani.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na hauhitaji peni za rangi. Usiku nilisoma ukurasa mmoja, si kumi, na pembeni niliandika maswali bila majibu kwenye kikaratasi. Kesho yake kikaratasi kilikuwa mfukoni. Kutoka ghalani hadi kwenye gari ni hatua kama sitini na gunia begani: swali moja. Nikirudi mikono mitupu: jibu. Likinishinda niliweka alama, nikalitafuta usiku, na siku ya tatu likarudi mfukoni, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Niliyoyaweza niliyaacha yapumzike. Wapakizi wenzangu wakazoea kuniona naongea peke yangu. Mmoja alishauri nyumbani kwetu wanitafutie mganga. Dada ndiye aliyenidai. Gari likishafungwa alikuwa akisema, "Leo una deni gani?" nami nikamwelezea mzunguko wa damu, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha kuungaunga. Yeye alisoma mpaka darasa la saba. Pale aliposema "hapo sijaelewa", ndipo hasa mimi mwenyewe nilipokuwa sijaelewa.

Novemba 2018 nikakaa na P yangu. Jiografia ikafunguliwa, na swali la mmomonyoko wa udongo lilikuwa hapo. Sikutafuta daftari kichwani. Nilipanda juu kabisa ya shamba la bibi nikaanza kuteremka. Kileleni, miti. Chini yake, ngazi. Kisha mistari inayokata mteremko, haifuati maji. Kisha mabua yaliyotandazwa. Ngazi inayofuata nilikaa kidogo, kwa sababu napafahamu: majani kwenye kingo. Hiyo ndiyo ya tano. Nikashuka: mahindi mwaka huu, maharage mwaka ujao. Mwisho kabisa karibu na nyumba, ng'ombe bandani, wasikanyage shamba. Saba. Kiingereza kiliyumba, lakini shamba lilisimama.

Nilipata daraja la tatu, pointi 23: B moja ya Kiswahili, C tatu, D tatu, na moja ya D hizo ni ya 041, ile ya maswali matano ya sehemu A. Si matokeo ya kuchinjia mbuzi. Bibi alichinja kuku.

Jioni ile nilimweleza kwamba shamba lake limenipa alama Dar es Salaam. Akataka kujua wameniuliza nini. Nikamtajia hoja zote saba, kutoka kileleni hadi bandani. Alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole, akabaki na kidole kimoja hewani.

"Na mfereji wa kutolea maji ya mvua pembeni umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia.

"Basi hilo shamba litaondoka," akasema, akarudi kwenye chungu chake.